Kitufe cha Baba

4 Februari

Kwako Mama,

Barua yako nimeichukua kwenye ofisi ya mabasi, imefungwa kwa uzi wa cherehani mafundo matatu. Karani wa vifurushi ameniuliza kama nyumbani kwetu hakuna simu. Nikamwambia ipo, ila mama ameifungia kwenye kopo la majani ya chai. Alicheka mpaka ikabidi akae.

Sikulaumu. Uliniambia kwenye simu kwamba kaburi la baba limeanza kupasuka pembeni, na kesho yake simu ikakuletea matangazo ya marumaru za makaburi na mikopo ya mazishi. Nilikuambia ni sadfa tu. Haikuwa sadfa na nilijua, lakini sikutaka uogope. Basi acha ikae kwenye kopo, sisi tuandikiane.

Huku kazini hali ni mbaya. Meneja mpya, tunamwita Bwana Namba kwa sababu hawezi kukusalimia bila kutaja asilimia, anataka kukiua kipindi changu. Anauliza nani leo ana subira ya kumtazama fundi mmoja akitengeneza kitu kimoja nusu saa nzima, bila muziki, bila mtu kuanguka. Anataka vipande vifupi vya watu maarufu wakigombana, kwa sababu ndivyo vinavyotembea kwenye simu. Nusu ya chumba chetu cha habari imeshaondolewa. Kwenye meza ya wahariri wameweka mashine ya kahawa.

Unajua kipindi hiki kilianzaje. Gazeti alilokuwa akilichapa baba lilipofungwa na ule mtambo wa kuchapia ukauzwa chuma chakavu, baba aliniambia kwamba baada ya miaka kumi hakuna atakayejua ulivyokuwa ukifanya kazi. Ndiyo maana nikaanza kuwapiga picha mafundi. Kikifa hiki nitakuwa nimemzika baba mara ya pili.

Kinachoniuma zaidi ni namna wanavyohesabu. Ipo kampuni ya kupima watazamaji. Imeweka visanduku kwenye nyumba chache tu, na kila nyumba inahesabiwa badala ya maelfu. Ni nyumba zipi, hakuna anayeambiwa. Sebule moja ikijaa Alhamisi jioni, mimi nina kazi. Ikizimwa, sina. Laiti ningeijua hata moja, ningekwenda kuwapigia magoti wanitazame mpaka Juni, maana Juni ndipo wataamua.

Kula vizuri, na usishone gizani.

Kitinda wako


12 Februari

Wifi yangu mbishi,

Soma hii ukiwa peke yako, kisha itie motoni. Najua hutaitia, wewe hata risiti ya godoro la harusi yako unayo mpaka leo.

Unakikumbuka kile kisanduku cheusi juu ya televisheni yetu, ulichokifunika kitambaa ukidhani ni redio mbovu? Si redio. Waliokileta walikuja kaka yako akiwa hai, kifua ndiyo kwanza kimeanza kumsumbua. Waliuliza kama kuna mtu wa nyumba hii anayefanya kazi kwenye gazeti, redio au televisheni. Kaka yako akasema hakuna. Gazeti lake lilikuwa limeshafungwa, na Kitinda alikuwa ameshahama, kwa hiyo kwa hesabu zake alisema kweli. Tukatia saini kwamba hatutamwambia mtu. Wakatupa chupa ya chai na mwavuli.

Kisanduku kina kidude cha mkononi, na kila mtu wa nyumba ana kitufe chake. Moja ni kaka yako, mbili ni mimi, tatu ni mwanangu mkubwa, nne ni wageni. Ukikaa kutazama unabonyeza chako, taa inakuwa ya kijani. Usipobonyeza, inapepesa nyekundu na kwenye kioo yanatokea maandishi: NANI YUPO?

Sasa wifi, tulipomaliza kuzika na nyote mkaondoka, siku ya kwanza niliyowasha televisheni iliniuliza nani yupo. Nikabonyeza mbili. Moja ikaendelea kupepesa. Nilishona upindo mzima wa gauni huku inapepesa tu. Mwishowe nikabonyeza moja, ikatulia, na mimi nikatulia. Tangu hapo namwashia kila jioni. Sikuwa na nia mbaya, wala sikujua zile taa zinakwenda wapi.

Leo nimejua. Kitinda ameniandikia kwamba kazi yake inaning'inia kwenye visanduku hivyo. Nyumba anayotaka kwenda kuipigia magoti ndiyo hii alimozaliwa. Nikimwambia nitamtia hatiani, kwa hiyo simwambii. Lakini vidole ninavyo. Alhamisi nilimbonyeza kaka yako, nikajibonyeza mimi, nikambonyeza mwanangu mkubwa ambaye sijui hata yuko nchi gani, na wageni nikawabonyeza mara mbili. Sebule ilijaa, na mimi nilikuwa peke yangu na kola za sare za shule mapajani.

Wifi yako


20 Februari

Wifi,

Barua sijaichoma, kama ulivyosema. Nimeisoma mara mbili na mara zote mbili nimekasirika.

Kaka yangu alikuwa mtu wa kweli mpaka anachosha. Kwa herufi moja iliyopinda alisimamisha mtambo mzima, wakubwa wakamfokea, naye akasimama pale pale na kitambaa chake cha wino mpaka herufi ikanyooka. Mtu huyo ndiye leo unamtumia kudanganya hesabu, kwa kuwa hawezi kukukatalia. Mwache apumzike.

Tena huyo mtoto hujamsaidia. Njia ya mwongo ni fupi, na hatujui itaishia mlangoni kwa nani. Watu wa vitu hivi wanajua mengi. Juzi nimenunua dawa ya magoti, nimelipa taslimu, sikumwambia hata jirani. Jioni simu yangu inanionyesha fimbo za kutembelea. Walioyajua magoti yangu watashindwa kumjua mtu aliye kaburini?

Ukitaka kubonyeza, bonyeza chako.

Na hiyo chupa ya chai ndiyo ile isiyoshika moto? Nilijua tu hamkuinunua.

Wifi yako, hata ukinuna


3 Machi

Kitinda,

Fundi viatu wa Alhamisi nimempenda. Ila mpiga picha wako mwambie aache kumwonyesha mtu uso wakati tunataka kuona sindano inapita wapi. Baba yako angegomba.

Usikate tamaa. Huyo Bwana Namba hajui kitu, watu wapo wengi kuliko anavyodhani. Sisi huku tunakutazama wote, hakuna anayeinuka mpaka mwisho. Nasema hivi kwa sababu najua, usiniulize zaidi.

Kaburi limezibwa. Shangazi yako hajambo, anasumbuliwa na magoti na mdomo.

Mwezi ujao njoo ulale hata siku mbili, ulete na zile suruali zinazokupwaya. Ukikonda hivyo utakuja kupeperuka na karatasi zako.

Mama yako


6 Mei

Kwako Mama,

Tangu nirudi kutoka huko sijapata nafasi ya kushika kalamu, na leo nina sababu nzuri. Kipindi kimepanda. Nimemwona Bwana Namba akipekua karatasi zake mara ya pili na ya tatu akitafuta kosa. Mikoa ya huko kwetu ndiyo imetubeba. Wanasema kuna nyumba ambamo Alhamisi familia yote inakusanyika, na wageni juu yake, na hakuna anayebadilisha stesheni hata wakati wa matangazo. Nilitoka kwenye kikao nikaenda kulia chooni, mtu mzima mimi.

Uliniandikia maneno yale ya "watu wapo wengi" nikadhani ni maneno ya mama. Kumbe ulikuwa unaona mbele.

Kuna jambo sikukuambia nilipokuja. Chuo cha ufundi kiliniita nikafundishe upigaji picha, kazi ya kudumu, na chumba cha kuishi. Nilikuwa nimeshaandika barua ya kukubali. Nimeichana. Nimewaambia asante, watazamaji wangu wananihitaji. Na wenzangu wawili waliotaka kuondoka, mpiga picha na mhariri, nimewaambia wakae, tumeshavuka.

Nilitaka kuuliza, ulipoandika "sisi huku tunakutazama wote", wote ni nani? Nilipokuja nilikukuta wewe na cherehani. Au majirani wanakuja Alhamisi? Kama ni hao, wasalimie, waambie nawashukuru mmoja mmoja.

Kitinda wako


18 Mei

Wifi,

Ulisema, na mimi sikusikia. Sasa sina wa kumlilia ila wewe.

Kitinda ameacha kazi ya chuo. Kazi ya kudumu, wifi, na chumba. Ameiacha kwa sababu ya watu wanaojaa sebuleni kwangu. Alipokuja mwezi wa nne nilikifunika kisanduku kwa kitambaa chako, nikaweka na chombo cha maua juu. Alikaa chini yake siku mbili akila na kucheka, akalala kwenye kochi, simu yake kifuani. Mara tatu nilifungua mdomo nimwambie. Mara ya tatu nikamwuliza kama anataka chumvi.

Nikiacha kubonyeza leo, kipindi kinaanguka kesho. Maji nimeshayavulia nguo, sina budi kuyaoga. Nimejiambia nitaendelea mpaka Juni ipite, akishathibitishwa nitawapunguza polepole, kwanza wageni, kisha mwanangu mkubwa. Kaka yako simpunguzi. Hilo usinigombeze.

Wananiletea matangazo ya kaka yako, unajua? Kwa posta, kwenye sanduku letu. Dawa za kifua. Bahasha haina jina, imeandikwa "Mpendwa Mzee". Nimeziweka kwenye droo yake.

Wifi yako


9 Julai

Mama,

Kabla ya hii niliandika mbili nikazichana. Hii nitaituma.

Jumatatu, uamuzi wa Juni ukiwa bado haujatoka, kampuni ya kupima ilikuja kutuonyesha mambo mapya. Visanduku vinaondolewa vyote. Sasa zimetoka televisheni zinazotambua zenyewe aliyekaa mbele yake, mtu habonyezi kitu. Kwanza, akasema msemaji wao, angependa tumjue mtazamaji bora kuliko wote waliowahi kuwapima. Akasisitiza kwamba taarifa hizi hazina jina, kwa hiyo hakuna siri ya mtu inayovunjwa. Akawasha kioo kikubwa cha ukutani.

Mwanamume, sabini na kitu. Zamani alikuwa mchapaji. Kifua kibovu, wamelijua hilo kutokana na dawa zilizonunuliwa kwa kadi ya duka. Mke ni fundi cherehani. Mtoto mmoja yuko nje na hana mawasiliano. Mzee hatoki, hapigi simu, haruki tangazo, na Alhamisi nyumba yake hujaa watu. Chini wameandika vitu vya kumuuzia: dawa ya kifua, kiti cha kuegemea, bima ya mazishi. Kisha akatuonyesha jioni zake zote kwa mstari wa kijani. Mstari umekatika mahali pamoja tu, siku chache za Oktoba. Msemaji akasema, "Hapa nadhani mzee alikwenda likizo." Watu wakacheka.

Siku zile nazijua, Mama. Ni mimi niliyekuja na jeneza kwenye gari la ofisi.

Nilikaa nikamtazama baba ukutani. Kwa muda mfupi nilifurahi, sitakuficha, nilimwona bado yupo na anatazama kazi yangu. Halafu nikaelewa nani alikuwa akimwashia, na wageni wa Alhamisi ni kina nani, na kwa nini kile chombo cha maua kilikuwa juu ya televisheni.

Nilitoka na wenzangu kama kawaida, na haikusaidia. Keshoye waliniita. Simu yangu ililala kwenye nyumba ya mstari wa kijani mwezi wa nne. Simu ya nyumba hiyo, kabla haijanyamaza mwanzoni mwa mwaka, ilikuwa ikipiga kwangu kila Jumapili. Jina lako hawakuwa nalo, wala hawakulihitaji. Waliniuliza nilikupa nini. Nikasema sikujua lolote. Bwana Namba akaniambia, kwa upole kabisa, kwamba asiyejua kinachofanyika kwenye sebule ya mama yake asidai kuwajua watazamaji.

Kipindi kimeondolewa hewani. Mimi nimeondolewa Ijumaa, pamoja na mpiga picha na mhariri niliowaambia wakae. Mpiga picha ana mtoto mchanga. Hakunitukana, alikusanya waya zake akaondoka. Fani hii ni ndogo na watu wanaongea, hakuna atakayenipa hata kazi ya kushika taa. Chuo kimeshapata mtu.

Najua ulifanya kwa mapenzi. Lakini niliiacha kazi ya kweli kwa ajili ya watu, na watu wenyewe walikuwa vidole vyako.

Usiniandikie kwanza. Nitakapoweza nitaandika mimi.

Mwanao


2 Agosti

Mwanangu,

Mimi shangazi yako si mtu wa barua ndefu, magoti yananiuma hata nikiandika.

Nimekwenda kwa mama yako. Anashona huku televisheni imezimwa. Nilimwambia mapema kwamba njia ya mwongo ni fupi, lakini sikujua kwamba itapita juu yako, na sasa sifurahii hata kidogo kuwa nilisema kweli.

Una haki ya kukasirika. Ila ukitaka kumgomba, njoo umgombe usoni, aweze kulia ukimwona. Ukimya wako hajui aujibu nini. Amekuandikia, hujajibu. Anadhani barua haikufika, na mimi namwacha adhani hivyo.

Baba yako angekuwepo angesimamisha mtambo. Hayupo, tuna wewe.

Shangazi


30 Agosti

Kitinda,

Ulisema nisiandike. Karani wa vifurushi wa huko amemwambia dereva wa basi kwamba barua yangu ya kwanza bado iko kwenye droo yake, na kwamba huenda umehama. Nitamtumia na hii zikae pamoja. Ile ya kwanza ilikuwa ndefu, nilijitetea sana. Nikiifikiria sasa naona afadhali hujaisoma.

Jumanne amekuja fundi wa kampuni kukichukua kisanduku. Nilipoona gari nilidhani ni polisi, nikavaa kabisa viatu. Kumbe hana habari na lolote. Ana nyumba zake za kupitia na gari limejaa televisheni mpya, kila nyumba inapewa moja kwa kuwashukuru. Kompyuta iliyokufukuza wewe na kompyuta iliyonipa mimi zawadi hazisalimiani.

Akaniambia kabla ya kukizima lazima afunge vitufe, kimoja kimoja, na mwenye nyumba athibitishe. Namba nne, wageni. Nikasema hawaji. Namba tatu. Nikasema hatujui alipo. Namba mbili ni mimi, nikasema niko hapa. Namba moja.

Tangu tumzike baba yako sijalitamka lile neno. Nimesema ametutoka, nimesema ametangulia, nimesema amepumzika. Fundi ameweka kidole juu ya kitufe, ananisubiri. Nikasema, "Amekufa." Akauliza lini, nikamwambia. Akakitazama kisanduku, akanitazama na mimi. Hakucheka. Alisema, "Pole, mama," akabonyeza, na taa ikazimika. Kisanduku akakitia kwenye mfuko wa nailoni pamoja na vingine.

Televisheni yenyewe ni kubwa kuliko ukuta wetu. Juu ina tundu dogo la kamera. Nilimwuliza kidude cha kubonyeza kiko wapi. Akasema hakuna haja, inaona yenyewe. Akanionyesha pembeni ya kioo palipoandikwa WATU WALIOPO: 2. Akatoka kwenda kuchukua waya kwenye gari, ikawa 1. Nilimwomba asiyaondoe yale maandishi. Akasema wengi wanataka yaondolewe, lakini kama mimi nayapenda atayaacha.

Jana ilikuwa Alhamisi. Saa ya kipindi chako nilikaa. Wameweka vijana wanaorushiana maji. Nilikivuta kiti cha baba yako karibu na changu, nikakitundikia lile koti lake la kazini lenye wino mikononi, na juu yake nikaweka kofia. Nikakitengeneza vizuri, mabega yakasimama. Nikarudi kukaa, nikashika kazi yangu, nikawa natazama pembeni ya kioo.

Nilikaa mpaka vijana wakamaliza, ikaja taarifa ya habari, ikaisha. Haikuniuliza nani yupo. Iliandika 1, na ikabaki 1.

Mama yako